Bibi Hakuomba Ndoo

Juu ya picha ya bibi yangu, katika nyumba ya kumbukumbu iliyoko hapa mtaani Kuze, pametundikwa ubao wenye maneno haya: "Moto uliposhika tulikuwa tukiteka maji. Nilimwambia mwenzangu alete ndoo." Herufi ni nzuri, zimechongwa na fundi, na kila mgeni anayepita husimama kuzisoma na kuguna.

Bibi hakuteka maji siku ile, wala hakuomba ndoo. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi mpaka nimechoka. Hunisikiliza kwa adabu, hutikisa kichwa, kisha huniuliza kama nitakunywa chai. Ndiyo sababu nimeamua kuliandika. Mimi huandika polepole. Shule niliachia darasa la nane, na kusema mbele za watu ni kazi ngumu kwangu kuliko kuandika.

Zamani, kabla sijazaliwa, bibi alikuwa kibarua Shimanzi, upande wa bandarini, katika godauni moja la magunia. Wanawake walikaa chini kwa safu, kila mmoja na shazia yake, ile sindano ndefu iliyopinda, wakishona magunia yaliyotoboka. Bibi alikaa ubavuni mwa shoga yake, rafiki wa tangu utotoni; walicheza pamoja vichochoroni humu humu Kuze na kuolewa mwaka mmoja. Siku moja godauni lilishika moto. Mlango ulikuwa mmoja, na nusu yake imezibwa na magunia. Bibi alitoka. Shoga yake hakutoka, na wengine kadhaa hawakutoka.

Shoga huyo aliacha binti mdogo, naye leo ni mtu mzima, ana wajukuu. Mimi humwita mama mdogo. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na tangu nilipopata akili zangu, kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akija na bakuli la mbaazi za nazi. Hubisha hodi, huingia, humwekea bibi bakuli mapajani, hukaa kidogo, huondoka na bakuli la Ijumaa iliyopita. Hawakuwa na mazungumzo marefu. Bakuli lilitosha.

Halafu wakaja watu wa kumbukumbu. Watoto wa marehemu na wafanyabiashara kadhaa walichanga, wakakodi orofa ya nyumba moja ya kale, wakakusanya vitu: kandambili iliyoungua upande, kipande cha gunia, shazia moja ndani ya sanduku la kioo. Wakaamua pia kukusanya sauti za manusura kabla hawajaisha. Wakamleta kijana mmoja wa bara, msomi, mpole, ambaye hapandi ngazi yoyote bila kuvua viatu. Yeye ndiye mtunzaji. Alikuja kwetu na kinasa sauti, akakaa mkekani, akamwita bibi "mama" na akanywa chai yote aliyopewa pamoja na ile ya pili aliyoogopa kuikataa. Bibi alisema, naye akanasa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimenya viazi, kwa sababu jioni huuza viazi vya karai barazani.

Nyumba ilipofunguliwa bibi alipelekwa, akashikwa mikono kwenye ngazi, akaonyeshwa picha yake. Bibi husoma Kurani vizuri, lakini hizi herufi za shuleni hazisomi. Akaigusa picha, akaangalia shazia kwenye kioo, akasema, "Lo! Hata shazia imewekewa nyumba," kisha akarudi nyumbani amefurahi.

Ijumaa iliyofuata mbaazi hazikuja. Wala ile iliyofuata. Bibi alikuwa akikaa karibu na mlango baada ya sala, bakuli tupu limeoshwa, liko tayari kando yake. Nikamwambia labda mama mdogo anaumwa. Bibi akasema, "Mgonjwa hatwangi. Namsikia atwanga."

Nikakutana naye dukani. Nikamwamkia, akaitikia huku akiangalia mizani ya muuzaji. Muuzaji, ambaye hawezi kukaa na kimya, akamtania: "Mbona mbaazi hazipiti tena hapa? Au siku hizi wazila peke yako?" Mama mdogo akalipia sukari yake na kusema, "Mwambie aliyetaka ndoo, ajaze ndoo yake mbaazi." Akaenda zake.

Sikufahamu. Ndoo gani? Nilipanda ile nyumba ya kumbukumbu kesho yake, nikasimama mbele ya picha ya bibi, nikasoma ule ubao neno kwa neno, nikarudia. Hapo nikafahamu yote, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa moto.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Sisi wa hapa, hasa wazee, kucheka twaita kuteka. Njoo twasema ndoo. Machozi ni matozi. Hakuna mtoto wa Kuze asiyejua hayo. Bibi alisema kwamba moto uliposhika wao walikuwa wakicheka, na kwamba alimwita shoga yake, njoo, njoo. Ubao ukaandika kwamba walikuwa wakichota maji, na kwamba alimtuma mwenzake ndoo. Na binti wa marehemu akapanda ngazi kama mimi, akasoma kwamba bibi yangu alimtuma mama yake ndani ya moto kutafuta ndoo, kisha yeye akatoka.

Nikamwendea mtunzaji. Alikuwa akipangusa kioo cha shazia.

"Kaka, hapa pamekosewa."

"Wapi, dada?"

"Bibi hakuteka maji."

"Lakini ni maneno yake mwenyewe. Ngoja nikusikizishe." Akafungua kompyuta, akanipa vile vya kuvaa masikioni, sauti ya bibi ikaja karibu kabisa, pamoja na kisu changu kikimenya viazi nyuma ya pazia:

"Twalikuwa tukiteka, tukiteka, shoga yangu kashika ubavu, matozi yamtoka. Mara moshi. Nikamwambia, ndoo! Ndoo, shoga, ndoo! Naye kanionyesha mkono, ati ngoja kwanza."

Mtunzaji akanitazama kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. "Unaona? Wanateka maji. Ameshika ubavu, kwa sababu maji ni mazito. Matone yanamtoka. Halafu ndoo. Inaingiana yote."

"Si matone. Matozi."

"Nilidhani ni matamshi."

"Matozi ni machozi, kaka. Na kuteka ni kucheka. Walikuwa wakicheka mpaka machozi."

"Kucheka? Godauni linaungua?"

"Lilikuwa bado. Nyapara wao, yule msimamizi, alikalia shazia."

Akatazama ile shazia ndani ya kioo, akanitazama mimi. Nikaendelea kabla ulimi haujanifunga. "Na ndoo ni njoo."

"Kwa hivyo hapa mtu akitaka ndoo ya maji, anasema nini?"

"Ndoo."

Niliona anajiuliza kama ninamchezea. "Sasa mnajuaje?" akasema.

"Tunajua tu. Na tena kwa wazee hazisikiki sawa. T ya kuteka kwa kicheko na t ya kuteka kisimani, ulimi wao haugusi pahali pamoja. Mimi mwenyewe siwezi kukuonyesha vizuri, lakini nikisikia najua."

Hakubisha. Huyo kijana simlaumu sana. Alitoa kalamu akaandika kila nilichosema, akaniomba radhi, akasema anaona haya. Kisha akasema kwamba yeye hana ruhusa ya kubadilisha ubao. Ruhusa ni ya mwenyekiti.

Mwenyekiti ni mtu wa hapa hapa. Amezaliwa Kuze, babake amezaliwa Kuze. Nikasema moyoni, basi yamekwisha, huyu hahitaji kuelezwa. Nikaenda kwake asubuhi, nikakaribishwa ukumbini, nikaambiwa nikae. Nikaeleza kwa shida, maneno yakinitoka moja moja. Alinisikiliza akipindua tasbihi. Nilipomaliza akamwita mjukuu wake aliyekuwa uani: "We mwana! Ndoo hapa!"

Mtoto akaja mbio, mikono mitupu.

Nikasema, "Amekuja bila ndoo."

Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. "Wanifunza mimi Kimvita? Nalijua hilo tangu siku ya kwanza, nilipousoma ubao."

Nikainamisha kichwa. Yeye akaona nimeridhika, akaendelea. "Sasa nisikilize, mwanangu. Wale watoto wa shule wanaokuja kutoka Tononoka, waja kujifunza. Wakisoma kwamba watu walikuwa wakipambana na moto, watajifunza ushujaa. Wakisoma kwamba walikuwa wakimcheka nyapara aliyedungwa matakoni, watajifunza nini?"

"Watajifunza ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa, ilivyokuwa." Akampa mjukuu gilasi airudishe jikoni. "Na mimi nimewafanyia heshima. Maiti hawatekwi."

"Hakuna anayewacheka maiti, babu. Wao ndio waliokuwa wakicheka."

"Nitalipeleka kwenye kikao," akasema. "Utakunywa chai?"

Kikao kilikaa au hakikukaa, mimi sijui. Kilichotokea ni kwamba niliporudi pale niliona kipande cha karatasi nyeupe kimebandikwa juu ya neno moja. Walilifunika neno "maji." Basi. Ubao ukawa unasema: "Moto uliposhika tulikuwa tukiteka. Nilimwambia mwenzangu alete ndoo." Mtunzaji akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hayo ni maafikiano: wa hapa wakisoma watafahamu kucheka, wageni wakisoma watafahamu maji, na hakuna aliyekosewa.

"Na ndoo je?"

"Ndoo kikao hakikuifikia."

Siku hiyo hiyo darasa zima la watoto lilikuwa limekuja. Nilijibanza pembeni nikawasikiliza. Mtunzaji aliwaonyesha kandambili, akawaonyesha shazia, ambayo kikaratasi chake kimeandikwa "Sindano" na hakuna zaidi. Walipofika kwa bibi mwalimu wao akasoma ubao kwa sauti, akaweka "maji" yake mwenyewe pale penye karatasi kama mtu anayeziba shimo bila kufikiri. Akawauliza, "Tumejifunza nini hapa?"

"Tuweke maji karibu!" wakajibu wote.

Mvulana mmoja mwenye soksi zilizoshuka akainua mkono. "Mwalimu, kwa nini huyu bibi alitaka ndoo? Si angemwambia mwenzake toka, kimbia?"

"Labda alibabaika," mwalimu akasema, na wakaenda kwenye picha nyingine.

Mtoto amelijua swali ambalo kikao kizima hakikuliuliza, na amejibiwa kwamba bibi yangu alibabaika. Wakashuka ngazi wakisukumana, na hakuna hata mmoja aliyeondoka akijua kwamba mlango ulikuwa mmoja na magunia yameuziba. Hilo pia bibi alilisema, lakini kwa kuwa ubao ni mdogo, nafasi yote ilichukuliwa na ndoo.

Nikaenda nyumbani nikamweleza bibi kila kitu. Nilikuwa nimemficha, nikidhani nitalimaliza kabla hajajua. Mwanzo alicheka. "Mimi? Maji? Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa malori!" Kisha kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo.

"Kwa hivyo yule mwana yuwadhani n'limtuma mamake."

"Ndiyo, bibi."

"Na n'limwita." Akatazama bakuli tupu. "N'limwita mpaka sauti ikanikauka. Alidhani bado natania. Tangu asubuhi twamwiga yule nyapara, mara aruka, mara ashika nyuma. Mimi nikisema ndoo, yeye azidi kuteka. Kanionyesha mkono, ngoja nipumue. Wende ukamwambie."

"Mimi?"

"Kwani miye n'na magoti ya kwenda?"

Nilisimama mbele ya mlango wa mama mdogo mpaka jirani wa juu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikabisha hodi. Akafungua nusu.

"Mama mdogo, ubao umekosea."

"Ubao umeandikwa na wasomi," akasema. "Na bibi yako alinena mwenyewe, wamemnasa sauti. Miaka yote namletea mbaazi, nikimuona kama mamangu. Hakuniambia kamwe. Nimekuja kuyasoma ukutani, na wageni wamesimama nyuma yangu wakila aiskrimu."

"Hakusema vile."

"Sasa n'shike lipi? Lako au la ukutani?"

Mimi si mtu wa kushindana. Laiti ningekuwa na maneno, ningempa yote pale mlangoni, kuteka na kucheka, njoo na ndoo, na angeweza kuniambia kwamba namtetea bibi yangu. Nikamwambia jambo moja tu: "Usisome. Njoo usikilize." Lakini kwa wasiwasi, ile njoo ilinitoka ya nyumbani: "Ndoo usikilize."

Akaniangalia. Sijui kama ni neno hilo lililomfanya achukue buibui lake. Hakunieleza na sikumuuliza.

Pale juu, kwenye nyumba ya kumbukumbu, tukapata balaa jingine. Mtunzaji akasema sauti zile ni za watafiti pekee, mtu mwingine akitaka kuzisikia sharti aombe, na ombi lipite kwa mwenyekiti. Nikahisi kulia. Sauti ni ya bibi yangu. Aliyekufa ni mama wa huyu aliyesimama hapa. Nyumba yote imejengwa kwa ajili ya hao, na wao ndio wanaokatazwa. Sikuyasema hayo. Nilisema, "Kaka, tafadhali," na nadhani uso wangu uliyasema mengine.

Akaangalia saa. "Mimi naenda kula," akasema. Akafungua kompyuta, akaitafuta ile sehemu, akaweka vile vya masikioni juu ya meza, akatoka na kurudisha mlango taratibu. Nimesema simlaumu sana.

Mama mdogo akavivaa juu ya mtandio. Mimi sikusikia kitu, nilikuwa nikimtazama tu. Mwanzo uso wake ulikuwa umefungwa. Kisha nyusi zikanyanyuka, nikajua bibi amefika kwa nyapara na shazia. Mdomo wake ukacheza upande mmoja. Akaweka mkono juu ya meza. Nikajua tena alipofika, maana midomo yake ililisema neno pamoja na bibi, bila sauti: ndoo. Akanionyesha kwa kidole nirudishe nyuma. Sijui kuendesha kompyuta, nikabonyeza nikabahatisha, ikarudi. Akasikiliza tena. Akanionyesha tena.

Alipovivua hakunitazama. "Mamangu alikuwa akiteka," akasema.

"Ndiyo."

"Mpaka kashika ubavu." Akashika ubavu wake mwenyewe. "Hili hakuna aliyenambia. Watu huniambia alikuwa mcha Mungu, alikuwa mpishi. Hakuna aliyenambia kwamba akiteka hushika ubavu. Mimi pia hushika."

Akainuka, akaenda mpaka kwenye ubao, akakibandua kile kikaratasi cheupe, akakikunja, akakitia mfukoni. Mtunzaji aliporudi na mkate wa mofa mkononi alimkuta bado amesimama pale.

"Wewe ndiwe uliyeandika haya?"

"Ndiyo, mama. Nilikosea. Nimeshaomba yarekebishwe."

"Lini?"

"Kikao kikikaa, mama."

"Na kikao kikaa lini?"

"Hilo ndilo bado halijajulikana."

"Taib," akasema mama mdogo. "Watoto wa shule wakija tena, unambie. Nitakuja miye niwasomee." Akashuka ngazi, mimi nyuma yake.

Mpaka leo ninapoandika, ubao haujabadilishwa. Mwenyekiti akiniona njiani hunisalimia kwa furaha na kusema jambo letu liko njiani, kama vile jambo lina miguu. Mtunzaji ameweka maelezo yangu ya makosa, yaani ile karatasi aliyoandika siku ya kwanza, ndani ya faili, na faili ndani ya kabati, na funguo za kabati anazo mwenyekiti. Neno "maji" limerudi kusomeka kwa kuwa kikaratasi kimebanduliwa, kwa hiyo ubao sasa ni mbaya vile vile ulivyokuwa tulipoanza kupigania uzuri wake. Lakini watoto wa Tononoka walipokuja mara ya mwisho, walisimama mbele yake wakamsikiliza mwanamke mmoja mwenye buibui akiwaeleza habari ya nyapara aliyekalia shazia. Walicheka sana. Kisha akawaambia mlango ulikuwa mmoja, wakanyamaza wenyewe bila kunyamazishwa. Mwenyekiti amesikia na hakupenda. Yuwasema atalipeleka kwenye kikao.

Ijumaa ya baada ya kusikiliza ile sauti, bibi alikaa karibu na mlango kama kawaida. Bakuli tupu nilikuwa nimeliweka kabatini, nisimuone akilitazama. Sala ikaisha, watu wakapita, tukasikia viatu vikisimama nje. Aliyevivaa hakubisha hodi. Bibi akanitazama, mimi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikatamani watu wangejua kufungua mlango bila kungojana.

"Ndoo," bibi akaita. Sauti yake haina nguvu siku hizi. "Ndoo, mwanangu, ndoo."

Mlango ukafunguliwa, akaingia na bakuli la mbaazi.